Nimeweka nice 19 na bado mashine inakwama, nisaidieni

saiba_kayole: Sasa wasee. Niko na saiba ndogo huku Kayole, kompyuta ya kaunta ni ya Linux, hapo ndio nachapishia watu karatasi za KRA na eCitizen na hapo hapo ndio nakonveti video za harusi na ffmpeg. Nikianzisha video tu mausi inaanza kuruka, mteja amesimama na kitambulisho mkononi mimi nangoja ukurasa ufunguke. Nilisikia nice, ile namba ya priority ya programu kwa CPU, ni kutoka -20 mpaka 19 nikadhani kubwa ndio nguvu, nikapatia brauza 19, ikawa mbaya zaidi. Sasa nikijaribu kuirudisha 0 inasema Permission denied. Na kwa top, ile ya kuonyesha programu zinazokimbia, naona PR 39 NI 19, hizo mbili zinatofautiana aje?

mzee_wa_terminal: Uliigeuza buda. Nice ni upole, namba ikipanda ndio programu inapisha wengine zaidi. NI ndio hiyo nice, PR ni priority yenyewe, 20 ukijumlisha NI, ndio maana ukaona 39. Mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kupandisha namba, kushusha kunataka sudo, yaani ruhusa ya admin, na ni poa hivyo kwa sababu bila hiyo kwa mashine ya watu wengi kila mtu angejisukuma mbele ya foleni. Fanya hivi:

sudo renice -n 0 -p (PID za brauza, yaani namba za utambulisho wake, ziko kadhaa, zote)
renice -n 19 -p $(pgrep ffmpeg)
ps -eo pid,ni,comm | grep ffmpeg

Hiyo ya mwisho usiiruke, soma kwanza ujue imeshika. Na usishtuke ffmpeg ikionyesha 100% hata ikiwa 19, kama hakuna mwingine anataka CPU inachukua yote. Upole unaonekana wakati programu zinang'ang'ania kor moja ya CPU, hapo 0 ina uzito 1024 na 19 ina 15 tu.

saiba_kayole: Nimefanya, ps inasoma 19 kwa ffmpeg na brauza imerudi 0. Imepungua kidogo lakini bado inakwama, hata kufungua folda ni shida. Kwa top kuna mahali pameandikwa wa, iko 34.

kiprogramu254: Hapo ndio kuna maneno. Hiyo wa ni CPU kukaa bure ikingoja diski, na nice kazi yake ni CPU, sio diski. Kama ni hard disk ya zamani ya kuzunguka, jaribu ionice, hiyo ni kama nice ya diski: ionice -c 3 -p $(pgrep ffmpeg), ffmpeg itasoma diski wakati wengine hawaitaki. Angalia pia cat /sys/block/sda/queue/scheduler, hiyo inaonyesha mpangaji wa foleni ya diski, ionice inashika vizuri ikiwa ni ile inaitwa bfq. Na ucheki free -h, kama RAM imeisha na inaswapu, yaani inatumia diski badala ya RAM, basi hakuna namba ya priority itakuokoa.



saiba_kayole: Mpangaji wa diski alikuwa mq-deadline, nimeweka bfq na ionice, wa imeshuka mpaka 9. Nimechapisha pin ya mama mmoja sasa hivi video ikiendelea, mausi haijaruka. Shukrani sana wasee. Hiyo bfq nikizima mashine itabaki?

mzee_wa_terminal: Haibaki, inataka rule ya udev, faili ya kuiambia Linux iweke bfq kila ikiwaka. Nakuandikia jioni nikifika nyumbani.