Heda za EJ205: ya kiwandani, ya urefu sawa au turbo ya njia mbili?

Rongai_SG5
Wakuu, nina Subaru Forester SG5, injini EJ205 yenye turbo. Heda (mabomba yanayotoa moshi kwenye injini kwenda turbo) imepasuka karibu na flanji (bapa la kuifungia), ikachomelewa, ufa ukarudi. Naweza kupata ya kiwandani iliyotumika pale Kirinyaga Road, au ya stenlesi yenye mabomba ya urefu sawa, au nihamie kabisa turbo ya njia mbili (yenye milango miwili ya kuingizia moshi). Gari ni la kazini, wikendi napanda Limuru. Nataka turbo iamke mapema, yaani ianze kusukuma hewa mapema, basi.

Boksa254
Chukua ya kiwandani. Mngurumo wa Subaru unatokana na mabomba ya upande mmoja kuwa marefu kuliko ya upande wa pili. Ukiyasawazisha, mngurumo umekwenda, na mimi naupenda. Ukienda kununua, waambie wavue ngao za joto kwanza. Nyufa hujificha chini yake.

FundiLusakaRoad
Yeye ameomba turbo iamke, si sauti. EJ205 huwasha silinda zake kwa mpangilio 1-3-2-4, na 1 na 3 ziko upande mmoja, 2 na 4 upande mwingine. Kila upande hutoa moshi mara mbili mfululizo kisha unatulia, kwa hiyo silinda moja huisumbua jirani yake kabla haijamaliza kupumua. Njia mbili hutibu hilo vizuri: 1 na 2 zina mlango wao, 3 na 4 wao, na kila mlango hupata pigo moja kwa kila mzunguko wa krenki. Lakini lazima ubadilishe heda, bomba la kupandia turbo, turbo yenyewe na bomba la kutokea. Kwa gari la kazini sioni haja.

Achi_Bust
Naunga mkono urefu sawa. Huku Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni pungufu kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Turbo inajitahidi zaidi kufikia presha ileile, na kuchelewa kwake unakusikia kila ukitoka kwenye mzunguko wa barabara; ndiyo maana nataka moshi uifikie kwa wepesi.

Ila usinunue kwa kung'aa. Stenlesi 304 hutanuka kwa joto karibu mara moja na nusu ya chuma cha kalibu, na heda isiyo na kiungo kinachonyumbuka itapasuka shingoni tu. Shika bomba, pima unene. Flanji iwe nene na iwe imenyooshwa baada ya kuchomelewa. Uzito wa turbo ubebwe na breketi yake, usining'inie kwenye heda. Yako huenda ilipasuka hivyo.

Rongai_SG5
Breketi haipo kweli, nimetoka kuchungulia. Nikichukua ya urefu sawa, turbo yangu inabaki?

FundiLusakaRoad
Inabaki. Rudisha breketi, weka gasketi mpya za chuma. Nati zilizoshika kutu zipashwe moto kabla ya kufunguliwa, stadi (skrubu inayoshika heda) isikatikie kwenye silinda hedi.

Achi_Bust
Na upime upya mchanganyiko wa hewa na petroli kabla ya kuukanyaga. Moshi ukipita kwa wepesi, bust (presha ya turbo) inaweza kupanda kuliko ulivyoipanga, na petroli ikipungua hapo pistoni zinaungua.