MJADALA: Upepo na jua la Lamu, tulipwe kodi ya ardhi au tuwe na hisa?

Kijana wa Shela: Mwaka 2019 mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, megawati 1,050. Tulishangilia. Sasa waja watu wa upepo na sola, na sisi tumeketi twangoja kuambiwa ekari ni kiasi gani. Kodi yaliwa, yaisha. Kwa nini tusidai hisa, tupate chetu kila mwaka umeme unapouzwa?

Mkulima Mpeketoni: Sheria ya Nishati ya 2019 imeshatupa asilimia 5. Tugombanie nini tena?

Binti Matondoni: Isome tena, kaka. Hiyo 5 ni ya mrabaha wa jotoardhi, yaani malipo ya kampuni inayozalisha umeme kwa joto la chini ya ardhi: 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 wenyeji. Hapa petu pana kusi na kaskazi, na upepo haumo katika hesabu hiyo.

Mkulima Mpeketoni: Sawa, nimekosea. Lakini hisa utazidai kwa hati gani? Kule Marsabit mitambo 365 ya upepo imejengwa, megawati 310, na mwaka 2021 mahakama ikasema hati za zile ekari 150,000 zilitolewa kinyume cha utaratibu. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 yasema ardhi ambayo haijasajiliwa, kaunti ndiyo huishika kwa niaba yetu. Tusajili kwanza. Bila hivyo kampuni itazungumza na kaunti, sisi tutasikia kwa jirani.

Kijana wa Shela: Hapo umesema kweli. Lakini yawezekana. Baharini mbele ya Copenhagen, Denmark, kuna mitambo 20 ya upepo, Middelgrunden, na nusu yake ilianzishwa na ushirika wa raia zaidi ya 8,000. Walinunua hisa ndogo ndogo, kila mtu kwa uwezo wake.

Mwalimu Mstaafu: Copenhagen, mwanangu? Sisi hata mashine ya barafu ya wavuvi ilitushinda. Ushirika wa hapa huuawa na wezi wa kamati.

Mvuvi Kizingitini: Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapo umenichoma. Kamati ile nilikuwamo. Hakuna aliyeiba. Chumvi iliila feni mpaka mbawa zikawa kama karatasi, ukizigusa zabaki mkononi. Fundi akatoka Mombasa, akataja bei ya kipuri, tukafungua sanduku, halina kitu. Mwaka mzima tuliuza barafu kwa hasara, kila mtu ataka bei ya jamaa. Tulioneana haya kukataa, basi.

Mwalimu Mstaafu: Hesabu zilisomwa lini mbele ya watu? Mimi sikuitwa.

Mvuvi Kizingitini: Zilisomwa mara mbili, baada ya sala ya Ijumaa. Wewe ulikuwa Malindi kwa mwanao.

Mama Samaki: Bei ya jamaa walipewa wenye mashua! Sisi wanawake twanunua ndoo kwa ndoo, bei kamili, na kwenye kamati hatukupewa hata kiti kimoja. Mchango tulitoa sawa na nyinyi. Ufunguo nao ulikaa kwa nani?

Mvuvi Kizingitini: Kwa katibu, mama.

Mama Samaki: Na katibu akisafiri? Siku ya pili ya Idi nilisimama mlangoni tangu alfajiri na nguru wawili kwenye beseni, macho yao yashageuka meupe. Niliwatupa.

Kijana wa Shela: Jamani, naomba turudi kwenye hisa.

Mama Samaki: Ndizo hizo hizo, mwanangu. Mimi nitatia pesa kwenye hiyo sola, wallahi nitatia. Lakini nataka iandikwe mwanzo kwamba pesa ya kipuri yatengwa kabla ya gawio, na nusu ya kamati ni wanawake. Na wewe Mvuvi, wale nguru wangu nani atawalipa?

Mvuvi Kizingitini: Mama, Idi ile nilikuwa baharini. Muulize katibu.