Gari halichaji: ninunue altaneta au nisubiri?

Wa_Njeru: Wakubwa, naombeni msaada, nimechoka. Nina Corona ya 1994, ya gia za mkono. Betri ni mpya, lakini kila asubuhi stata inalia ka-ka-ka tu. Juzi usiku ndani ya msitu wa Mabira taa zilififia zikawa kama koroboi, malori ya Malaba yananipita, watoto wawili nyuma wanalia. Fundi alichomoa betri injini ikiwaka, ikazima. Anasema altaneta, ile inayochaji betri, imekufa. Ninunue nyingine?

Nalongo: Kaka, watoto usiku kwenye gari bovu? Mume wangu aliwahi kulala Karuma kwa mambo hayohayo. Asubuhi nyani wameingia dirishani, wamebeba mkate wote. Niliongea wiki nzima.

Waya_Moto: Usirudie kuchomoa betri injini ikiwaka, unaweza kuua regyuleta, kile kidhibiti cha volti za altaneta. Pima kwa mita. Betri iliyotulia, volti 12.6. Injini ikiwaka, 13.8 hadi 14.4.

Wa_Njeru: Betri 12.1 injini ikiwaka. Lakini kwenye altaneta, bolti kubwa ya nyuma na chuma chake, 14.3. Mkanda umekaza.

Waya_Moto: Basi altaneta ni nzima, umeme ndio haufiki. Gari lilifunguliwa lini?

Babu_Diseli: Uza, nunua pikipiki.

Wa_Njeru: Wiki tatu zilizopita. Tulishusha gia boksi, tukabadilisha klachi. Sikutaja kwa sababu fundi ni mpwa wangu, ndiyo kwanza anaanza kazi, sikutaka aonekane vibaya. Na altaneta ya mtumba nimeshaitolea kianzio, 100,000. Hii yangu ni kuukuu, si hasara kubadilisha.

Mkweli256: Hadithi ya kutunga. Jana hajui kitu, leo anapima bolti ya nyuma. Huyu anauza altaneta, kesho ataweka namba ya simu.

Nalongo: Muuzaji gani atangaze kwamba altaneta ya mteja ni nzima? Mwache mwenzio.

Wa_Njeru: Jirani yangu ni mwalimu wa fizikia, mita ni yake na ndiye aliyenielekeza. Siuzi kitu.

Waya_Moto: Washa injini na taa. Ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha altaneta. Ikizidi volti 0.2, athi ya injini, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, ni mbovu.

Wa_Njeru: 2.0! Nimezima, nimeingia chini na tochi. Waya wa athi, ule wa kusuka, unaning'inia kando ya gia boksi, bolti haipo. Nimekwangua kutu kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikafunga bolti. Betri sasa 14.1. Mpwa wangu ndiye aliyenishikia tochi, hajasema neno. Sasa kianzio changu nakidaije?

Waya_Moto: Nenda leo, kabla hawajakufungia mzigo. Na mpwa wako mfundishe, usimfiche.

Mkweli256: Tuwekee picha ya huo waya.