Naomba ushauri: pete za kimo gani kwa darubini yenye lenzi ya mm 50?

Mlenga_Mbali:
Wakuu, habari zenu. Nina bunduki ya bolti (ya kukokwa kwa mkono kwa kila risasi) yenye reli ya Picatinny, ile ya mifereji ya kufungia vifaa juu ya bunduki. Darubini ni 3-15x50, yaani inakuza mara 3 hadi 15 na lenzi ya mbele ni mm 50; bomba lake mm 30. Nimekwama kwenye pete, vile vishikizo vinavyofunga darubini kwenye reli. Zinauzwa kama fupi, za kati na ndefu, lakini za kati za kampuni moja zinazidi ndefu za kampuni nyingine! Nalenga shabaha kati ya mita 100 na 400, mara nyingi nikiwa nimelala kifudifudi. Nichukue zipi? Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Mtutu:
Mkuu, chukua fupi kadiri lenzi itakavyoruhusu bila kugusa mtutu. Darubini ikikaa chini, shavu linatulia kwenye kitako. Ikikaa juu unainua kichwa, unabaki umeegemeza kidevu tu, na jicho halirudi mahali pale pale kila unapolenga.

Kipimo_Kwanza:
Mzee amesema vema, ila achana kabisa na hayo majina ya fupi na ndefu. Pima mwenyewe. Kwanza toa risasi zote, fungua bolti, hakikisha chemba ni tupu.

Ule 50 ni upana wa kioo, si wa kikombe kinachokishika. Pima kikombe kwa nje kwa kalipa (kifaa cha kupimia upana). Tuseme umepata mm 57, nusu yake ni 28.5. Ongeza mm 3 za nafasi, inakuwa 31.5. Kisha weka rula juu ya reli uisogeze mbele hadi pale kikombe kitakapokaa, upime kutoka chini ya rula hadi mgongo wa mtutu. Ukipata mm 8, ziondoe: 23.5. Hicho ndicho kimo cha chini kabisa, kutoka juu ya reli hadi katikati ya pete. Kama reli yenyewe inafika chini ya kikombe, huna cha kuondoa.

Sasa angalia sana hapa, maana wengi hununua pete mara mbili kwa sababu hii: kampuni nyingine hupima hadi katikati ya pete, nyingine hadi chini ya bomba. Kwa bomba la mm 30 tofauti ni mm 15. Hiyo 23.5 yako kwa kampuni ya pili itaandikwa 8.5. Soma mchoro wao kabla ya kulipa.

Dada_Shabaha:
Kaka, hesabu hiyo inakupa kikomo cha chini tu. Kimo kinachokufaa wewe kinaamuliwa na shavu na jicho. Shika bunduki tupu namna unavyolenga, fumba macho, laza shavu kitakoni bila kujikaza, kisha fumbua. Ukiona duara zima la picha bila kivuli pembeni, umepata. Ukilazimika kuinua shingo, darubini iko juu mno au kitako kiko chini mno.

Hapo sikubaliani na Mzee kwamba fupi ndiyo bora daima. Kwa mtu anayelala kifudifudi, darubini iliyo chini sana humlazimu kukandamiza uso kitakoni, na shingo inachoka upesi. Kama kitako chako kina sehemu ya shavu inayopanda na kushuka, una uhuru wa kwenda juu kidogo.

Usisahau bolti. Ile inayozungushwa nyuzi 90 ili ifunguke, kama ya bunduki ya Mauser 98, mpini wake hupanda sana. Hakikisha haugongi ncha ya nyuma ya darubini, ile unayotazamia. Vifuniko vya lenzi navyo vinakula nafasi.

Mlenga_Mbali:
Asanteni sana. Kitako changu kinarekebishika. Je, milimita chache zikiongezeka zitaharibu usahihi wa mbali?

Kipimo_Kwanza:
Hazitaharibu, mradi uzijue. Darubini ikipanda mm 10 na ukailinganisha tena kwa mita 100 (yaani ukairekebisha risasi ipige hapo hapo unapolenga), risasi itapiga takribani sentimita 3 juu zaidi kwenye mita 400 kuliko ingepiga darubini ikiwa chini. Kwa hiyo pima kutoka katikati ya mtutu hadi katikati ya darubini, uingize namba hiyo halisi kwenye programu yako ya kukokotoa mwendo wa risasi. Karibu sana ndipo kimo kinaonekana: kwenye mita 10 risasi bado iko chini ya alama ya msalaba karibu kiasi chote cha kimo cha darubini.

Mlenga_Mbali:
Nimepima. Kikombe ni mm 58, na mtutu uko mm 6 chini ya reli. Kwa hiyo 29 + 3 − 6 = 26. Nimepata pete za mm 28 hadi katikati, mchoro wao unaonyesha hivyo. Kifuniko kinapita, na mpini wa bolti nao unapita.

Dada_Shabaha:
Hizo chukua. Ukifunga, panga kwanza umbali kati ya jicho na darubini ukiwa umelala, maana ukilala kichwa husogea mbele kuliko ukikaa. Na skrubu za pete zikaze kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo alichoandika mtengenezaji, kidogo kidogo, kwa kupishana.