Mrejesho: kidonge cha mesalazini cha kuweka njia ya haja kubwa hakitoki tena

Asanteni wakuu. Nina ugonjwa wa uvimbe wa utumbo mpana unaotoa damu, na natumia mesalazini, dawa ya kupunguza uvimbe huo. Niliuliza hapa kwa nini kidonge hicho cha gramu 1 kilikuwa kinatoka kabla hakijayeyuka.

Suluhisho lilikuwa kwenye namna ya kuweka. Nenda choo kwanza, nawa, kiloweshe kwa maji kidogo. Lala ubavu wa kushoto, kunja goti la juu, kisukume kwa kidole hadi kipite kabisa msuli wa mlango wa haja kubwa. Kikiishia kwenye msuli wenyewe, unakibana na kukirudisha nje. Hapo ndipo wengi tunakwama. Iwe wakati wa kulala, na kikae saa 1 hadi 3 au zaidi. Tandika kitambaa, maana kinachovuja huacha madoa.

Damu imekata. Maumivu ya tumbo upande wa kushoto bado yapo: kidonge hiki hutibu puru tu (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana), hakipandi juu. Daktari ameongeza mesalazini ya maji ya kuingiza kwa njia hiyo hiyo, ifike juu zaidi, na kipimo cha figo kwa kuwa mesalazini inaweza kuzigusa.

Ushauri wa kutumia diklofenaki (dawa ya maumivu) sikuufuata. Nayo hupunguza uvimbe, lakini inaweza kuamsha ugonjwa huu wa utumbo.