Mjadala: Mdundo unaotambulika ndani ya sekunde tatu, alipwe nani?

Chapuo wa Bagamoyo
Wadau, hoja ni hii. Studio inamwita mpiga ngoma, anapiga dakika kumi, anapewa nauli na posho ya siku. Baadaye kipande cha sekunde nne kinakatwa, kinazungushwa, kinakuwa uti wa mgongo wa singeli inayopigwa kila harusi. Watu wanaujua wimbo kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Mtunzi ana chake, prodyuza ana chake, mpigaji hana. Msimamo wangu: mdundo wa namna hiyo ni utunzi, uandikwe hivyo, na mwenye mkono apate fungu. Ushahidi mkubwa ni Gregory Coleman, mpiga drams wa The Winstons, kwenye "Amen, Brother" ya 1969. Vipimo vinne tu (kila kimoja mapigo manne), sekunde kama saba. Vimekatwa na kurudiwa kwenye maelfu ya nyimbo, na muziki wa jungle wa Uingereza umesimama juu yake. Coleman alifariki 2006 bila kuonja mrabaha wa hiyo kazi.

Fundi Mitambo, Tanga
Mkuu, kwenye malipo tuko pamoja. Kwenye utunzi nakataa. Fanya jaribio: chukua mdundo unaodai ni utunzi, uandike upya kwenye kompyuta kwa sauti za kawaida, mwendo uleule. Ukitambulika bado, basi mpangilio ndio wenye thamani. Usipotambulika, kilichokuwa kinatambulika ni rekodi.

"Be My Baby" ya The Ronettes (1963) inafaulu. Mpiga drams Hal Blaine alipiga kiki (dramu kubwa ya mguu) pigo la kwanza, kiki nusu pigo baada ya la pili, kiki la tatu, snea (dramu ya mkono yenye mlio mkali) la nne. Gonga mezani kwa vidole, mtu atakutajia wimbo. Wa Coleman sasa: vipimo viwili vya kwanza vinafanana, cha tatu snea ya mwisho inachelewa nusu pigo, cha nne kinaanza bila kiki, kisha toazi linalia katikati yake. Ukipanga hivyo kwenye mashine unapata fanki nzuri, na wengi hawataijua. Ile tunayoijua iko kwenye snea kavu yenye sauti ya juu, kwenye snea ndogo za chinichini ambazo hakuna mbili zenye uzito mmoja, na kwenye toazi linalovuja ndani ya maiki zote.

Kuna wakati hata mkono si hoja kuu. "When the Levee Breaks" ya Led Zeppelin (1971) ina mpigo rahisi, mwanafunzi anaushika mchana mmoja. Mpiga drams wao John Bonham aliwekwa chini ya ngazi za nyumba ya Headley Grange, maiki mbili zikaning'inizwa juu. Kinachokushtua pale ni mwangwi wa ngazi. Na zile drams za Phil Collins kwenye "In the Air Tonight" (1981) zina mwangwi mpana unaokatwa ghafla kabla haujafifia. Ufundi huo ulizaliwa studio London kabla ya wimbo huo, Hugh Padgham akiwa kwenye mitambo. Niambie, shehe wangu, mtunzi hapo ni mpigaji au fundi?

Chapuo wa Bagamoyo
Ngazi hazipigi drams. Mweke mtu mwingine chini ya ngazi hizohizo uone utapata nini. Huku kwetu ni vilevile: ngoma moja, wapigaji wawili, sauti mbili. Mmoja anatua kiganja kizima katikati ya ngozi na kukiacha kidogo, sauti inazimika. Mwingine anagonga vidole ukingoni na kuruka, inalia. Hiyo tofauti hailetwi na maiki.

Mwana Ngamiani
Mnazungumza kama mdundo una baba mmoja. Mdundiko ni ngoma ya jadi ya Wazaramo. Sikinde na Msondo, bendi kubwa mbili za dansi, zilichukua majina yao kwenye ngoma za jadi, na majina hayo watu wanayajua kuliko hata majina ya asili ya bendi zenyewe. Sasa mpigaji akienda studio akapiga mdundiko kama alivyoukuta, halafu akaandikwa mtunzi, amemwibia nani? Bibi yake. Halafu msisahau "We Will Rock You" ya Queen (1977): miguu miwili, kofi moja, drams hakuna. Fungu apewe nani, mbao za sakafu?

Anayefuatilia Sheria
Mnagombana kwenye mlango usio wenyewe. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999. Soma jina lake lote. Hakimiliki ni ya mtunzi. Hakishiriki inamgusa anayetumbuiza na anayetayarisha rekodi. Mpiga ngoma hahitaji kuwa mtunzi wa mdundiko ili adai kwa ile rekodi ya mikono yake. Tena kukimbilia utunzi kunaweza kumuumiza, kwa sababu akiulizwa "uliutunga lini?" hana jibu.

Tatizo la kweli ni karatasi. "Funky Drummer" ya James Brown ilirekodiwa 1969, drams ni za Clyde Stubblefield, na ni kati ya vipande vilivyokatwa zaidi duniani. Mtunzi aliyeandikwa ni Brown peke yake. Kwa hiyo kabla ya kupiga, nusu ukurasa unatosha: majina ya pande mbili, tarehe, ngoma zilizopigwa, wimbo uliokusudiwa, na sentensi moja inayosema kipande kisikatwe kutumika kwenye wimbo mwingine bila makubaliano mapya. Hiyo sentensi ndiyo inayosahaulika. Wengi wanaandika "malipo yamekamilika" wakidhani ni risiti, kumbe wanaweza kuambiwa wameshauza kila kitu.

Fundi Mitambo, Tanga
Naongeza upande wa mitambo, maana karatasi bila sauti haikutetei. Omba nakala ya rekodi ghafi siku hiyohiyo, kabla haijanyooshwa. Prodyuza akishasogeza kila pigo likae sawasawa kwenye mistari ya kompyuta, alama ya mkono wako imepotea. Akipandisha sauti kidogo na kukata besi, kuthibitisha ni kazi.

Na ngoma yenyewe iwe thabiti. Kwa unyevu wa bahari ngozi inalegea upesi. Unapasha moto, inakaza, unarekodi, nusu saa baadaye imeshuka. Ukirudia kipande bila kupasha tena, vipande viwili havitaungana, kimoja kitasikika kizito. Usiisogeze karibu mno na moto kwa haraka, ngozi ikikauka kupita kiasi inapasuka ukingoni. Maiki moja iwe karibu na ngozi, kama upana wa kiganja, nyingine mita moja na nusu nyuma ichukue chumba. Ya karibu peke yake inatoa mlio usio na mwili.

Mwana Ngamiani
Sawa, nimekubali karatasi. Sasa jibuni hili: wamepiga watatu, kila mtu ngoma yake, chapuo, vumi na msondo, kwenye maiki mojamoja. Aliyekata kachukua chapuo tu. Wa vumi anapata?

Chapuo wa Bagamoyo
Anapata, sawa na wenzake. Chapuo inakaa pale inapokaa kwa sababu vumi imeshika chini.

Anayefuatilia Sheria
Si lazima. Kama kila mmoja ana rekodi yake, anayelipwa ni aliye kwenye kipande kilichotumika. Mkitaka kugawana sawa, andikeni kabla ya kupiga kwamba mmepiga kama kikundi.

Fundi Mitambo, Tanga
Na kwenye maiki ya chapuo vumi lazima imevuja. Sikiliza kwa hedfoni, utaisikia. Huyo wa vumi naye yumo.