WATOTO WA BIBI CHANIKA: ugali wa saa nne

Jumamosi

15:12 Dada Mkubwa: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Tumetoka kliniki na Mama. Presha 158/96. Sukari ya asubuhi kabla ya kula, 11.8

15:13 Dada Mkubwa: Daktari hakuongeza dawa. Katupeleka kwanza kwa mtu wa lishe

15:15 Mjomba: Marahaba. 11.8 si mchezo. Kwani huyo dada yangu anakula nini?

15:19 Dada Mkubwa: Yule binti wa lishe hata hakuanza na nini, aliuliza saa ngapi. Mama akazungukazunguka wee, mwisho akasema: asubuhi vidonge na chai ya rangi, mchana "naonjaonja", ugali saa nne usiku. Nne na nusu yuko kitandani

15:21 Mama Mdogo: Lakini si ndiyo vizuri kukaa na njaa? Ile video niliyotuma Jumatatu, masaa 16 bila kula, sukari inaisha kabisa

15:22 Shemeji Nesi: Mama Mdogo, kwa heshima zote, video hiyo ndiyo iliyomlaza Mama Jumanne

15:22 Mama Mdogo: Kumlaza vipi?? Mbona sikuambiwa

15:26 Shemeji Nesi: Alimeza glibenklamidi asubuhi, akakaa hadi saa saba anahesabu masaa. Kidonge kile kinaisukuma kongosho itoe insulini, umekula hujakula. Jasho, kutetemeka, mimi akaniita jina la marehemu bibi. Kupima, 3.1! Nikamkorogea vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, robo saa nikapima tena, ikapanda, ndipo akala. Mwenye dawa hizo asijifungishe kabla hajaongea na kliniki yake

15:28 Mama Mdogo: _Ujumbe huu umefutwa_

15:29 Mama Mdogo: Mungu wangu. Nisameheni jamani

15:31 Mjomba: Mimi niliirusha kikundi cha msikiti. Ngoja nikawaambie

15:34 Mjomba: Haya, huyo wa lishe kasemaje? Au ndiyo yaleyale, acha ugali acha wali ule majani

15:40 Dada Mkubwa: Ugali hakumnyang'anya. Nusu ya sahani mboga, robo ugali, robo samaki au maharage. Aanze na mboga na samaki, ugali aumalizie, sukari haipandi kwa kishindo. Chumvi ya siku nzima isifike kijiko kimoja cha chai, na vile vidonge vya mchuzi vimo kwenye hesabu. Kidonge chake cha asubuhi akimeze na chakula, siyo chai tupu. Usiku ale saa kumi na mbili, ikichelewa sana saa moja, kisha atembee kidogo

15:42 Mjomba: Ugali ni ugali. Wa saa moja na wa saa nne una tofauti gani? Tumbo lina saa?

15:47 Shemeji Nesi: Linayo, Mjomba. Wamarekani watatu walipewa Tuzo ya Nobel 2017 kwa kuonyesha saa ya mwili inavyoendeshwa, walichunguza nzi. Usiku mwili unajiandaa kulala, insulini haifanyi kazi kwa wepesi wa asubuhi. Sahani ileile ukiila usiku inaacha sukari juu zaidi. Siyo ugali peke yake, ini nalo linamwaga sukari alfajiri, ila Mama anaongeza juu ya hiyo

15:48 Mjomba: Nzi?

15:48 Shemeji Nesi: Wale wadogo wa kwenye ndizi mbivu

15:49 Mjomba: Nyie watu mna mambo

15:55 Kaka Mwanza: Mimi sielewi. Pale nyumbani si chakula kinaiva saa kumi na mbili? Mama anakula saa nne kwa nini?

16:03 Dada Mkubwa: Kitinda, naona tiki za bluu

16:10 Kitinda: Nipo dukani

16:11 Kitinda: Ananisubiri mimi

16:14 Kitinda: Kariakoo nafunga saa mbili, foleni hadi Gongo la Mboto, Chanika naingia saa nne. Nimemwambia ale hadi nimechoka. Anasema chakula cha mtu mmoja hakishuki

16:16 Mjomba: Mama yetu naye alikuwa hivyohivyo. Anamsubiri baba hadi chemli inakauka mafuta

16:20 Mama: 🎤 0:41

16:22 Dada Mkubwa: Kwa wasio na bando la kusikiliza: Mama anasema mwanawe asigombezwe, yeye ndiye anayetaka, na sukari yake haimhusu mtu

16:23 Kaka Mwanza: Inatuhusu

16:31 Kitinda: Basi hivi. Saa kumi na mbili na nusu nampigia video. Mama ntilie wa hapa kona anafunga saa moja, nami nakula hukuhuku. Tunakula wote. Nikirudi nikute chai tu

16:33 Mama Mdogo: Wateja je?

16:33 Kitinda: Watanikuta natafuna

16:34 Mjomba: Bando la dada yangu nalipa mimi

Jumatatu

18:38 Kitinda: 📷 Picha

18:41 Dada Mkubwa: Mbona ugali umejaa sahani nzima!

18:42 Kitinda: Hiyo yangu. Ya Mama ile ndogo juu, yenye matembele

18:50 Mama: 🎤 0:06

18:52 Mjomba: Anasema mchuzi hauna chumvi 😂